Kabla ya Kuwasha Leza, Jua Unachokata

Mtu akinunua mashine ndogo ya kukatia kwa leza, kitu cha kwanza anachokiogopa ni mwale. Anaogopa kupofuka, anaogopa kuungua vidole. Hofu hiyo ina msingi na tutaifikia. Lakini kuna hatari nyingine isiyoonekana kwenye picha za matangazo, nayo ni moshi. Moshi huo si wa aina moja. Bodi mbili nyeupe, zenye unene mmoja na bei inayokaribiana, moja itakuachia harufu ya kukera tu, nyingine itakuingizia asidi kifuani.

Ndiyo maana swali la maana kwa mwenye leza si kama mashine yake inaweza kukata kitu fulani. Plastiki nyembamba, ubao, ngozi, kitambaa, vyote vitaungua vikipata mwale wa kutosha. Swali ni kitu hicho kinageuka kuwa nini kinapoungua, na kinakwenda wapi kikishageuka.

Mashine hizi zimeacha kuwa mali ya viwanda. Utazikuta katika karakana za ubunifu kama Fab Lab ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na pia utazikuta kwenye fremu za maduka na vyumba vya watu Dar es Salaam na Mombasa, zikichonga kadi za harusi, ngao za tuzo, vibao vya majina na vishikizo vya funguo. Karakana ya chuo ina msimamizi na bomba la kutolea moshi. Chumba cha kupanga kina dirisha moja, na pengine mtoto amelala upande wa pili wa pazia.

Leza ni mwanga wa rangi moja unaokwenda pamoja upande mmoja. Lenzi ya mashine huukusanya ukawa nukta ndogo sana, kama watoto wanavyokusanya jua kwa kioo cha kukuzia mpaka karatasi ikatoboka. Chini ya nukta hiyo ubao hugeuka mvuke na masizi papo hapo. Mwanga huu si mnururisho wa nyuklia wala eksirei. Kadi iliyokatwa kwa leza haibaki na mionzi yoyote ndani yake, na mjamzito anaweza kuishika bila wasiwasi.

Wanaofanya kazi hii nyumbani hutumia zaidi aina mbili. Ya kwanza ina bomba la kioo lenye gesi ya kaboni dayoksidi, aina ya leza aliyoivumbua Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964. Mwale wake una urefu wa wimbi wa nanometa 10,600, ilhali jicho la binadamu huona kati ya nanometa 400 na 700 hivi. Hauonekani kabisa. Aina ya pili, ya bei nafuu zaidi, hutumia diodi inayotoa mwanga wa buluu wa nanometa zipatazo 450.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua jicho litaumia wapi. Mwale wa leza ya gesi hunyonywa na maji yaliyomo kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Huiunguza konea hapo hapo, na maumivu yake makali humpeleka mtu hospitali. Mwale wa buluu hupita konea na lenzi ya jicho kama mwanga wa kawaida, kisha jicho lenyewe huukusanya juu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, na kuuongezea ukali mara 100,000 hivi. Retina haisikii maumivu. Mtu anaweza kuungua asijue, akaja kushtuka baadaye kwamba kila uso anaoutazama una doa jeusi katikati, na doa la namna hiyo mara nyingi haliondoki. Usitegemee kope zikuokoe. Huchukua takriban robo sekunde kufumba, na kwa mashine ya wazi yenye nguvu inayozidi nusu wati, ambayo kitaalamu ni leza ya daraja la 4, muda huo ni mrefu mno. Hata mwanga unaodunda kutoka kwenye kipande kinachokatwa unaweza kudhuru.

Kuna jambo hapa linalowapotosha hata mafundi wazoefu. Kifuniko cha akriliki angavu huuzuia mwale wa leza ya gesi, hivyo ukiwa nyuma yake upo salama. Weka kifuniko hicho hicho juu ya leza ya buluu, mwale utapita kama unavyopita dirishani. Mashine za buluu zilizotengenezwa kwa uangalifu zina kifuniko cha rangi ya machungwa au nyekundu kwa sababu hiyo. Na miwani ya kinga lazima iwe imeandikwa nanometa inazozuia pamoja na kiwango cha kuzuia, OD. Miwani ya OD 6 huruhusu sehemu moja tu kati ya milioni moja ya mwanga huo kupita. Miwani ya bure iliyokuja ndani ya boksi bila maandishi yoyote usiikabidhi macho yako.

Sasa tuje kwenye moshi, na tuanze na adui mkubwa kuliko wote, PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wa plastiki hii, asilimia 57 hivi, ni klorini. Leza ikiichoma, klorini hiyo hutoka ikiwa gesi ya haidrojeni kloridi, na gesi hii huyeyuka kwenye maji kwa kasi ya ajabu. Ikikutana na unyevu wa macho, pua na koo, huwa asidi haidrokloriki. Macho yanawasha, kikohozi kinakuja, kifua kinabana, na mwenye pumu anaweza kushikwa vibaya. Ikikutana na hewa yenye unyevu ndani ya mashine, hasa huku kwetu pwani, reli na skrubu huota kutu na vioo huharibika. Fundi akiona kutu mpya ndani ya mashine baada ya kukata plastiki asiyoifahamu, ajue kwamba pua na mapafu yake yamekutana na asidi hiyo hiyo.

PVC hujificha kwenye vitu vya kawaida kabisa. Bodi nyepesi za povu ambazo watengeneza mabango huziita forex ni PVC. Stika nyingi za vinyl ni PVC, na turubai za mabango ya barabarani, mabomba ya maji, mbao za plastiki za dari, kadi nyingi za vitambulisho, na sehemu kubwa ya ngozi bandia ya makochi na viti vya magari. Hakuna kipande kidogo kiasi cha kuruhusiwa, na feni haikupi ruhusa hiyo. Feni huhamisha asidi kutoka chumbani kwako ikaipeleka kwa jirani, baada ya kuila mashine njiani.

Ipo njia ya kuitambua ambayo haihitaji maabara, iliyobuniwa na mkemia Friedrich Beilstein mwaka 1872. Chukua waya mnene wa shaba, ushike kwa koleo, uupashe kwenye mwali safi wa gesi mpaka uwe mwekundu na mwali uwe hauna kijani tena. Gusisha waya huo wa moto kwenye kona ya plastiki mpaka chembe kidogo iyeyuke na kuganda juu yake. Urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani cha kung'aa, ndani ya plastiki hiyo kuna klorini au ndugu zake, na bodi hiyo haiingii kwenye leza. Fanya jaribio nje, upepo ukitokea mgongoni kwako, na chembe iwe ndogo sana kwa sababu moshi wake nao ni sumu. Kijani kisipotokea usishangilie mapema. Umejua tu kwamba si PVC.

Inaweza kuwa polikaboneti, kwa mfano, ambayo kwa macho haina tofauti na akriliki. Ukiikata kwa leza ya gesi hugeuka kahawia, hujaa masizi na hushika moto. Zitenganishe kwa mikono. Akriliki nyembamba ukiikunja hupasuka, polikaboneti hujipinda na kurudi. Inaweza pia kuwa ABS, ambayo huyeyuka ikawa ujiuji na kutoa mvuke wenye stireni na sianidi. Hizi mbili hazina sababu ya kukatwa kwa leza nyumbani. Tefloni nayo iache kabisa, na vivyo hivyo bodi za nyuzi za kioo au za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi.

Akriliki halisi ndiyo plastiki inayoipenda leza. Huachia ukingo laini unaong'aa kana kwamba umepigwa msasa na kung'arishwa. Moshi wake una mvuke wa methili methakrileti, wenye harufu kali inayoumiza kichwa, na mvuke huo unawaka. Kata akriliki, lakini kwa feni inayovuta vizuri na bila kubandua macho. Yenye rangi ya kioo haitakatika kwa leza ya buluu, maana mwanga huo hupita tu, ukaenda kuunguza meza iliyo chini.

Mbao huonekana salama kwa sababu tumezizoea jikoni, na moshi wa jikoni wenyewe tunajua unavyowatesa mama zetu. Msonobari na mninga hukatika vizuri, lakini moshi wake umejaa chembe zisizofika mikrometa 2.5, wakati unywele mmoja una unene wa mikrometa 70 hivi. Chembe hizo hufika mwisho wa mapafu. MDF na plaiwudi huongeza gundi, na gundi nyingi za mbao hizo hutoa formaldehidi, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, limeiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayekata MDF kila siku bila bomba la kutolea moshi anacheza na afya yake. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, hasa zenye rangi ya kijani, zinaweza kuwa na kromiamu na aseniki, hivyo zisiguse leza wala jiko. Ukitumia mbao za paleti, tafuta mhuri. HT maana yake zilitibiwa kwa joto. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromidi, na hizo ziache.

Kwa ngozi, muulize mchuuzi ilivyotengenezwa. Iliyotengenezwa kwa magome ya miti inafaa. Iliyotengenezwa kwa kromiamu ina metali hiyo ndani yake, na moto unaweza kuigeuza kuwa aina yenye sumu zaidi. Kitambaa cha pamba hakina shida kubwa zaidi ya kuwaka upesi.

Bomba la moshi litoke nje ya jengo kabisa, si kwenye korido, na feni iwekwe mwisho wa bomba, upande wa nje. Ikiwekwa karibu na mashine husukuma moshi, na kila tundu la bomba litautema chumbani. Ikiwekwa mwisho huvuta, na tundu litanyonya hewa tu. Barakoa ya N95 huzuia chembe lakini haizuii gesi. Ya kitambaa haizuii chochote cha maana hapa.

Moto huanza pale mtu anapotoka kidogo kumpokea mteja. Usitoke. Kama ni lazima, simamisha kazi kwanza. Hewa ya kompresa inayopuliza kwenye nukta ya kukatia hupunguza miali, na mabaki yaliyoanguka chini ya meza ya mashine yafagiliwe kila siku kwa sababu ndiyo kuni. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dayoksidi. Wa unga pia huzima, ila unga wake huharibu lenzi na vioo. Moto ukikushinda, kata umeme, toka, piga 114 kwa Tanzania au 999 kwa Kenya.

Mashine za bomba la gesi zina jambo moja la ziada. Bomba la wati 40 huendeshwa kwa volti zinazozidi 15,000, na chaji hubaki hata baada ya kuzima. Fundi umeme ahakikishe waya wa ethi umefungwa kweli kwenye bodi ya mashine na kwenye nyumba. Maji ya kupoozea yawe yale yasiyo na chumvi wala madini, maana maji ya kisima cha chumvi hupitisha umeme.

Moshi ukikushinda, toka upate hewa safi, na usirudi kumalizia kazi. Macho yanayowasha yaoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15. Kifua kikibana au pumzi ikikata, nenda hospitali na kipande cha kitu ulichokuwa unakata, umwonyeshe daktari. Aliyepigwa na mwale wa buluu aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu.

Neno la mwisho ni kwa wauzaji wa bodi na plastiki. Mnunuzi hawezi kutofautisha akriliki, polikaboneti na PVC kwa kutazama, na wengi wenu mnauza zote kwenye rundo moja kwa jina la plastiki. Nyinyi mnajua kilichoandikwa kwenye ankara ya kiwandani. Kiandikeni kwenye kila bodi kabla haijatoka dukani.