Kipimo cha EEG: Waya kichwani hazisomi siri zako

UMEAMBIWA na daktari ukapimwe EEG na sasa huna amani. Mtaani stori ni nyingi: ati utapigwa shoti, ati mashine itasoma mawazo yako. Tulia. Hakuna kitu kama hicho.

Seli za ubongo wako huwasiliana kwa umeme hafifu mno. Vijisahani vidogo vya chuma, kwa kawaida takriban 20, hubandikwa kichwani na kuunganishwa kwa waya. Haviingizi umeme, vinanasa tu ule ulio wako, kisha mashine inauchora kama mawimbi.

Daktari Mjerumani Hans Berger ndiye wa kwanza kunasa mawimbi hayo kwa binadamu, mjini Jena mwaka 1924. Aliona kwamba ukitulia na kufumba macho, mawimbi ya karibu 10 kwa sekunde hujitokeza. Ukiyafumbua, yanafifia.

Leo kipimo hiki husaidia sana kwa kifafa. Kundi la seli likifyatua umeme kwa pamoja, mchoro huonyesha ncha kali kama miiba. Daktari hutazama zinatokea upande gani wa ubongo, na hilo humsaidia kuchagua dawa.

Lakini usidanganyike: mchoro safi haumaanishi huna kifafa. Huenda ubongo ulitulia tu wakati ule wa kupimwa. Ndiyo maana unaweza kuambiwa ulale kidogo usiku wa kuamkia kipimo, upumue kwa nguvu, au umulikwe taa za kumetameta. Nenda na mtu aliyekuona ukianguka, au video aliyokurekodi kwa simu. Maelezo yake yana uzito kama mchoro wenyewe.

Osha nywele, usipake mafuta wala jeli. Kama umesuka au una wigi ya kushonewa, uliza kliniki mapema, kwa sababu vijisahani lazima viguse ngozi. Na usiache dawa zako bila daktari kukuruhusu.

Nawe ukiona beshte ameanguka, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na uangalie saa. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, mkimbize hospitalini. Usiogope kumshika: kifafa si pepo, na povu lake haliambukizi.