Mafuta Yaliyoghushiwa, na Njia ya Kuijua Asili Yake

Katika maisha yetu dizeli imekuwa mfano wa damu mwilini. Samaki aliye sokoni ameletwa na mashua ya injini. Unga ulio jikoni umesagwa na mashine au umebebwa na lori. Na watoto wetu huenda chuoni na kurudi kwa basi litumialo mafuta hayo hayo. Basi mafuta yakiharibika, hasara haimfikii mwenye gari peke yake, bali humfikia hata mjane asiyemiliki baiskeli. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu, na hasa vijana wanaoingia katika udereva, ufundi na biashara, jinsi dizeli inavyoharibika, na jinsi ya kuufuata uharibifu huo hata kufika mahali ulipoanzia.

Dizeli huharibika aghalabu kwa mambo mawili: maji na mchanganyiko.

Maji huingia kwa mvua, kupitia mfuniko mbovu wa tangi la ardhini. Au hutokana na unyevu wa hewa iliyomo katika tangi lisilojaa, unaogeuka matone usiku wa baridi. Kwa kuwa dizeli ni nyepesi kuliko maji, maji hutulia chini. Pale yanapokutana na mafuta huota vijidudu na ukungu, navyo hufanya utelezi unaoziba chujio. Maji yenyewe hutia kutu pampu na nozeli.

Mchanganyiko ni jambo jingine, kwa kuwa aghalabu hufanywa kwa kusudi. Mafuta ya taa yalipokuwa yakitozwa kodi ndogo ili wanyonge wapate kuwasha taa zao, wenye tamaa waliyanunua, wakayatia katika dizeli, wakayauza kwa bei ya dizeli. Dizeli, pamoja na kuwa moto wa injini, ndiyo inayolainisha pampu yake. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vyema, hata vyuma vikasagana na kulika. Na ubaya wake ni kwamba vitu hivi viwili huchanganyika kabisa, jicho lisiweze kuvitenga.

Tazameni ni nani aliyelipa gharama ya hila hiyo. Katika bajeti ya mwaka 2011, ili kuondoa faida ya wachanganyaji, serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Nchini Kenya, mwaka 2018, iliwekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa kusudi hilo hilo. Hivyo wachache walighushi, na aliyeongezewa bei ni maskini mwenye kibatari na jiko la utambi. Anayedhani kwamba kughushi ni ujanja wa baina yake na tajiri mwenye lori, na alifikiri jambo hili.

Sasa, uharibifu ukidhihiri katika injini, asili yake itajulikanaje? Mafuta husafiri kutoka melini hadi bohari, kutoka bohari hadi lori, kutoka lori hadi tangi la kituo, na kutoka kituoni hadi katika gari au dumu. Mwenye kutafuta hurudi nyuma hatua kwa hatua. Gari moja tu likiharibika na mengine yaliyojaza siku ile yakawa salama, na aanze na tangi la gari lenyewe. Magari mengi ya kituo kimoja yakiharibika, itazamwe hali ya tangi la kituo. Na vituo kadhaa vilivyohudumiwa na lori moja vikilalamikiwa, shaka hupanda kwenye lori au bohari. Ndiyo maana mwenye kituo aliye mwangalifu huchukua mafuta kidogo katika chupa safi kabla lori halijamwaga, akaifunga na kuiandika tarehe. Chupa ile ni shahidi asiyesahau.

Maji hutambulika kwa urahisi: ufito wa kupimia hupakwa dawa maalumu inayobadilika rangi ikigusa maji, kisha hutumbukizwa hadi chini ya tangi. Mchanganyiko huhitaji maabara. Huko hupimwa joto ambalo mvuke wa mafuta hushika moto: mafuta ya taa hutakiwa yasishike kabla ya digrii 38 za Selsiasi, na dizeli hutakiwa ivumilie zaidi ya digrii 50. Dizeli inayoshika mapema kuliko kawaida yake yajishuhudia kwamba imeingiliwa.

Njia nyingine ni vinasaba, ambavyo matumizi yake nchini Tanzania yalianza mwaka 2010. Hiyo ni dawa ya alama, hutiwa kwa kipimo maalumu katika mafuta yaliyolipiwa kodi kwa matumizi ya nchini, wala haitiwi katika yale yapitayo kwenda nchi jirani. Mkaguzi akikuta alama imepungua kwa sehemu moja katika tano, hujua kwamba katika kila lita 5, karibu lita 1 ni ya mafuta mageni.

Faida ya uchunguzi haikomei katika kumshika mkosa. Humwokoa pia asiye na kosa. Mtaani kwetu mvuvi mmoja alizimikiwa na injini baharini, akarudi akimlaumu muuzaji mbele za watu. Fundi mzee akaomba kuliona dumu. Likaonekana lililazwa nje bila mfuniko siku za masika, na chini yake mna maji. Mafuta ya kituoni yalipotazamwa yalikuwa safi. Mvuvi akaenda kuomba radhi. Lakini neno likishatoka kinywani halirudi lote, na Kurani katika Sura ya Hujurati imekwisha kutuonya juu ya dhana.

Sote twakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu ndani. Mwenye nafaka alisema kwamba ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Basi mwenye kituo ambaye mvua imeingia tangini mwake hana dhambi ya mvua. Dhambi huanza pale anapojua, akaendelea kuuza.

Kwa hiyo twawausia vijana wetu: chukueni stakabadhi kila mnunuapo, dumu liwe safi, kavu na lenye mfuniko, maji yaliyotuama katika chujio yamwagwe mara kwa mara, na injini ikiharibika, wekeni mafuta kidogo katika chupa ya kioo kabla ya kuosha tangi, kisha mpeleke habari kwa wakaguzi. Nanyi wenye kuuza, mkigundua kasoro fungeni pampu na mseme. Hasara ya siku moja ni nyepesi kuliko chumo la haramu linaloingia katika matumbo ya watoto wenu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika kuuza na waadilifu katika kushuhudia. Amin.