Shamba langu ni magunia matatu

MACHI 2020, Uganda ilipowafungia wasafiri mipaka, biashara yangu ya vitenge kati ya Busia na Kampala ilikwama. Nilibaki Bugolobi katika chumba cha kupanga, chenye kibaraza cha hatua nne, bila shamba wala mtaji.

Mboga za bei nafuu zilitoka bondeni. Lakini huko hupita maji ya mfereji wa Nakivubo, yakibeba uchafu wa jiji kuelekea Ziwa Viktoria, na watafiti wamekuta madini mazito katika mimea ya bonde hilo. Nikaamua kupanda zangu.

Nilichanganya ndebe mbili za udongo na moja ya samadi. Katikati ya gunia nilisimamisha mkebe uliokatwa juu na chini, nikaujaza kokoto, nikawa nauvuta juu kadiri udongo ulivyopanda. Maji hupita kwenye kokoto hadi chini. Ubavuni nilitoboa matundu nikapachika miche ya sukuma wiki. Dodo na nakati nilizipanda katika ndoo zilizotobolewa matako, waridi na asumini katika masufuria makuukuu.

Gunia la kwanza lilinitia hasara: samadi ilikuwa mbichi, miche ikaungua. La pili nilitumia iliyooza vizuri. Baada ya wiki nne nikachuma dodo, na jirani akanunua mche wa waridi.

Leo nimerudi mpakani, lakini magunia sijayaacha. Nawe uliyerejea nyumbani bila kiwanja, anza na gunia moja. Mpaka ukifungwa tena, sufuria haitalala tupu.