Kufuga farasi pwani ya Bagamoyo: raha ya saa moja, kazi ya siku nzima

Asubuhi maji yakishakupwa, ufukwe wa kaskazini mwa Dar es Salaam kuelekea Bagamoyo hugeuka kiwanja. Mchanga ni mgumu na mpana, hakuna lami wala foleni. Kwa mpanda farasi wa kujifurahisha, pa kutamani zaidi ya hapo ni pachache.

Lakini pwani hii hii iliwasumbua farasi kwa miaka mingi, na sababu zake hazijaisha. Anayetaka kufuga farasi huku ni vizuri azijue kabla hajatoa hela yake.

Kwa nini mizigo ilibebwa mabegani

Karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa kuingilia bara. Pembe za ndovu zilishuka, vitambaa na shanga zikapanda, na karibu vyote vilikwenda kwa mabega ya wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wengi hujiuliza: farasi walikuwa wapi?

Jibu ni mdudu. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hubeba vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa nagana kwa mifugo. Farasi akiupata hupandwa na homa, hupungukiwa damu, miguu na tumbo huvimba, hukonda na mara nyingi hufa. Mwaka 1895, daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, akiwa Zululand, Afrika Kusini, alivigundua vijidudu hivyo katika damu ya wanyama wagonjwa. Kabla ya hapo watu walijua tu kwamba mnyama akipita pori fulani, harudi mzima.

Hata asiyekutana na mbung'o hakuwa salama. Machi 1871, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili. Wote walifia Kingaru, siku chache tu baada ya safari kuanza. Yule wa kwanza alipopasuliwa, tumbo lilikutwa limejaa minyoo. Balaa halikuishia hapo: Stanley alipomzika, mkuu wa Kingaru alidai doti mbili za merikani kwa kuwa mnyama amefukiwa katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akajibu kwamba yuko tayari kumfukua na kumwacha juu pale alipofia. Mkuu akaona bora yaishe.

Ng'ambo, Unguja, farasi walikuwa wanyama wa ikulu. Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi watoto wa mfalme walivyofundishwa kupanda wakiwa bado wadogo. Wavulana walipewa farasi, wasichana punda weupe wa Maskati. Ilikuwa starehe ya wenye watumishi, na hiyo ndiyo siri yenyewe: nyuma ya kila farasi mzima kuna mtu anayemshughulikia kila siku.

Mbung'o mchana, usubi usiku

Leo dawa za nagana zipo, na mbung'o wanaweza kushindwa. Unguja ni mfano. Katika miaka ya 1990, mbung'o dume waliozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walirushwa kwa ndege kisiwani. Majike waliopandana nao hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996.

Bara hali ni tofauti. Ukivuka mto Wami kuingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mbung'o wapo, na wanauma mchana. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mpanda farasi mwenye akili hubaki ufukweni na kwenye mashamba yaliyofyekwa, haendi kutalii vichakani.

Jua likizama, zamu inabadilika. Usubi, wale wadudu wadogo ambao hata chandarua cha kawaida hawakiogopi, hubeba virusi vya maradhi ya farasi ya Kiafrika. Haya ni mabaya kuliko nagana. Mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na farasi anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa farasi ambao hawajachanjwa, kati ya kila kumi wanaougua wanaweza kufa hata tisa. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili, na punda wa huku nao huvihimili. Anayeanguka ni farasi.

Kinga yake ni mbili. Kwanza chanjo, ambayo lazima ipangwe na daktari wa mifugo mapema kabla ya mvua, maana usubi huongezeka maji yanapotuama. Pili, banda. Farasi aingizwe ndani kabla ya magharibi na asitolewe mpaka kumekucha, madirisha yawe na wavu wenye matundu madogo sana, na kinyesi kiondolewe kila siku. Kinyesi hicho si haba: farasi mmoja hutoa kilo 15 hadi 20 kwa siku. Bustani ya mchicha itafurahi, ila kikirundikwa bandani kinaita inzi.

Saa ya jua na saa ya maji

Farasi hutoa jasho kama binadamu, na joto la pwani likichanganyika na unyevu, jasho hilo halikauki. Mnyama huchemka. Ndiyo maana wanaojua huanza saa 12 asubuhi na kumaliza kabla ya saa 2, au husubiri jioni jua likishalegea.

Shida ni kwamba bahari ina saa yake. Maji hujaa na kukupwa mara mbili katika muda wa siku moja, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hutoka mbali na ufukwe hupendeza. Lakini pwani hii, siku hizo maji hufika chini kabisa karibu saa 4 asubuhi, jua likiwa limeshawaka. Kwa hiyo asubuhi zenye baridi na mchanga mgumu kwa pamoja si nyingi kwa mwezi. Mvuvi yeyote anazijua bila kuangalia simu, na mpanda farasi inafaa amuulize.

Mvuvi ni wa kuheshimiwa kwa sababu nyingine pia. Ufukwe ni sehemu yake ya kazi. Kuna kamba za nanga, nyavu zilizoanikwa, wanawake wanaokaanga samaki na watoto wanaocheza. Farasi ni mnyama anayeishi kwa kukimbia hatari: turubai likipigwa na upepo, anaweza kuruka pembeni ghafla. Penye watu ni kutembea tu. Matiti na shoti ni kwa ufukwe mtupu, na kofia ngumu iwe kichwani muda wote.

Bodaboda huzimwa, farasi hazimwi

Pikipiki ukiizima inalala. Farasi anakula hata siku ambayo mwenye naye yuko safarini. Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo 9 za chakula kikavu kwa siku, sehemu kubwa ikiwa nyasi, na maji lita 30 hadi 40. Yaani madumu mawili ya lita 20, na siku ya joto kali hata zaidi. Jiwe la chumvi lisikosekane, maana jasho linaondoka na chumvi.

Kuna makosa matatu ambayo huua farasi wa wageni wa mchezo huu. La kwanza ni mahindi au pumba zilizoota ukungu. Ng'ombe anaweza kuvumilia, farasi huharibika ubongo. La pili ni chakula cha dukani cha kuku au ng'ombe chenye dawa ya monensini, ambayo kwa farasi ni sumu ya moyo. La tatu ni la pwani hasa: kumwagia nyasi chini. Farasi hula pamoja na mchanga, mchanga hujikusanya tumboni, na tumbo husokota. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia vibaya hakina njia ya kurudi. Akianza kugaagaa, kuparua ardhi na kugeuka kuangalia ubavu wake, daktari aitwe wakati huo huo, si kesho.

Kwato hukatwa na kusawazishwa kila wiki sita hadi nane. Dawa ya minyoo ifuate ushauri wa daktari. Yaliyotokea Kingaru yanatosha kuwa somo. Akitoka baharini, aoshwe kwa maji baridi. Na asikae peke yake, kwa sababu farasi ni mnyama wa kundi. Asipopata farasi mwenzake, punda au mbuzi husaidia kumtuliza.

Raha iko wapi sasa?

Iko hapo hapo kwenye kazi. Farasi humjua mtu kwa sauti na kwa hatua zake. Macho yake yako pembeni, huona karibu pande zote isipokuwa mbele ya pua na nyuma ya mkia, kwa hiyo aliyemzoea humwendea kwa ubavuni akizungumza naye. Baada ya miezi kadhaa, masikio yake humgeukia mwenyewe kabla mlango wa banda haujafunguliwa. Mgongoni, mtu hujifunza kukaa sawa, kupumua taratibu na kutovuta hatamu kwa hasira, maana farasi huhisi mpanda akikakamaa. Wengi husema hicho ndicho kinachowarudisha kila wiki, kuliko mbio zenyewe.

Kwa Tanzania farasi ni wachache, lakini ujuzi upo. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Farasi na Mbwa, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro hufundisha madaktari wa mifugo, na wapo masaisi waliokaa na farasi miaka mingi. Farasi huishi miaka 25 hadi 30, kwa hiyo uamuzi wa kumnunua si wa wikiendi moja.

Njia ya busara ni kuanza na farasi wa mtu mwingine. Mtu alipie masomo miezi sita, afagie banda, abebe madumu, akeshe walau usiku mmoja na mnyama mgonjwa. Ahakikishe daktari wa mifugo anayewajua farasi anaweza kumfikia hata usiku. Baada ya hapo, kama bado anaamka saa 11 alfajiri kwa hamu, ndipo aanze kuulizia bei.