Mwili Mkongwe, Ubongo Mpya: Kuchagua Mashine Kuukuu ya Kuchonga Chuma

Mwaka 1914 mabehewa ya Reli ya Kati yalipita Tabora yakiwa yamepakia meli nzima. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000 ili iungwe upya Kigoma. Reli ilikuwa imeifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakibeba mabegani frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Meli ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na baadaye ikaitwa Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikatiwa za dizeli. Mwili ulibaki ule ule.

Karakana ya shule au ya fundi mjini Tabora yaweza kufanya jambo la namna hiyo kwa mashine ya kuchonga chuma. Msomaji asiichanganye na mashine ya kusaga unga: hii ina kikata chenye meno kinachozunguka, na meza inayousogeza mbele yake ule utepe wa chuma unaochongwa. Mashine mpya inayoongozwa na kompyuta ni ghali mno. Kuukuu yaweza kununuliwa kwa bei nafuu, ikafungwa mota na kompyuta. Wala wazo hili si geni. Mwaka 1952 wahandisi wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, walipoonyesha hadharani mashine ya kwanza ya aina hii, hawakuwa wameiunda upya. Waliichukua Cincinnati Hydro-Tel ya kawaida, wakaifunga mitambo ya kuiongoza kwa tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi.

Basi mnunuzi atazame nini? Rangi mpya isimvute, na nyaya zilizokatika zisimtishe, maana nyaya zote zitatupwa. Anachonunua ni uzito wa chuma cha kusubu, ambao humeza mtetemo, na unyofu wa njia ambamo meza huteleza.

Meza husukumwa na parafujo ndefu iliyopita katika nati. Tuseme parafujo huisogeza meza milimita 5 kila izungukapo mara moja, na mota iliyofungwa juu yake huugawa mzunguko huo katika hatua 200. Kila hatua ni milimita 0.025. Sasa tuseme nati imelika, na kati yake na parafujo pana nafasi ya milimita 0.2. Mwendo ukigeuzwa, mota itapiga hatua nane za mwanzo bure. Kompyuta itazihesabu zote, na meza haijasogea hata unywele.

Fundi wa mkono hulijua tatizo hili. Hurudisha gurudumu nyuma kupita alama, kisha huijongelea alama kutoka upande mmoja daima. Kompyuta inayochonga mviringo haina nafasi hiyo, kwa kuwa hugeuza mwendo kikata kikiwa ndani ya chuma. Zaidi ya hayo, kikata chaweza kuivuta meza ghafla kwa kadiri ya ulegevu huo na kuvunjika meno.

Yamkini mwanafunzi atauliza: kwa nini programu isiamriwe kuongeza hatua nane kila mwendo unapogeuka? Yaweza, na programu nyingi hufanya hivyo. Lakini chuma hakiliki sawasawa. Kazi nyingi hufanywa katikati ya meza, na hapo ndipo parafujo na njia zake huchakaa zaidi. Ulegevu wa 0.2 katikati waweza kuwa 0.05 pembeni, na ukiikaza nati ili katikati pawe imara, meza itakwama ikifika mwisho. Kwa hiyo nenda kwa muuzaji na saa ya kupimia, ile yenye ncha ya kubonyea. Igeuze meza kushoto na kulia, usome tofauti, katikati na kwenye miisho yote miwili. Parafujo iliyochakaa yaweza kubadilishwa kwa ile ya gololi, ambayo haina ulegevu wa kusumbua. Njia zilizolika huhitaji kukwanguliwa kwa mkono na fundi stadi, kazi ya siku nyingi. Mimi ningeiacha mashine ya namna hiyo.

Bridgeport, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1938, ina uzito wa karibu tani moja, sawa na mizigo ya wapagazi thelathini na mmoja. Ni vema kuifungua vipande kabla ya safari, kwani hapo ndipo mchakao uliofichika huonekana. Nayo aghalabu hutaka umeme wa fezi tatu. Panapokosekana, kipo kifaa cha elektroniki cha kuutoa katika fezi moja kwa mota ndogo. Swichi ya kuzima mitambo yote kwa pigo moja ifungwe kabla ya mota kuwashwa mara ya kwanza.

Kazi ya kwanza iwe kuchonga duara katika kipande cha alumini. Likitoka na alama bapa mahali panne, juu, chini, kushoto na kulia, hapo ndipo mwendo ulipogeuka, na upana wa alama utawaonyesha wanafunzi ulegevu uliosalia.