Je, Wajua? Jenerali aliyeshindwa kupanda ndege

Filamu ya Kimarekani Twelve O'Clock High (1949) inahusu wanajeshi wa ndege za mabomu aina ya B-17, waliokuwa wakiruka kutoka Uingereza kwenda kuwashambulia Wajerumani mchana kweupe. Anayetafuta milipuko atasubiri sana. Muda mwingi utawaona vijana waliochoka, wakizungumza ofisini na kwenye baa ya kambi.

Gregory Peck anaigiza Jenerali Frank Savage, anayechukua nafasi ya rafiki yake aliyeondolewa kwa kuwahurumia mno askari wake. Savage anawabana bila huruma, na kikosi kinasimama imara. Kisha siku moja anaushika mlango wa ndege ajivute juu, na mikono inagoma. Wenzake wanaondoka bila yeye. Anakaa kitini, macho yamekodoka, hasemi neno, hadi waliosalimika wanaporejea. Naona hapo ndipo filamu inapokuwa ya kweli kabisa: aliyevunjika ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

Waandishi wa filamu hiyo, Sy Bartlett na Beirne Lay, walitumikia Jeshi la Anga la 8 la Marekani, ambalo watu wake zaidi ya 26,000 waliuawa katika Vita vya Pili vya Dunia. Waliyajua waliyoyaandika.

Picha za mapigano angani ni halisi, zilipigwa vitani na Wamarekani na Wajerumani wenyewe. B-17 inayoonekana katika filamu ikitua kwa tumbo iliangushwa kwa makusudi na rubani Paul Mantz, akiwa peke yake ndani.