Alighiero Boetti: Ramani za Dunia Zilizodariziwa na Wakimbizi

Watoto darasani hupenda kuuliza: "Mwalimu, kuchora nako ni kazi?" Mwezi huu tuwajibu kwa kusimulia maisha ya Alighiero Boetti, msanii wa Italia ambaye kazi zake kubwa zilipita mikononi mwa wakimbizi kama sisi.

Boetti alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Torino. Alianza kusoma biashara chuo kikuu, akaacha. Sanaa alijifunza mwenyewe. Miaka ya 1960 alikuwa katika kundi la Arte Povera, maana yake "sanaa maskini". Hao walitumia vitu vya kawaida tu: mbao, mawe, vitambaa, vyuma. Yeye hata kalamu ya biki ilimtosha. Kuna karatasi zake kubwa zilizojazwa mistari ya biki tupu, na waliojaza walikuwa watu wengine aliowaomba.

Mwaka 1971 alisafiri mpaka Afghanistan, akaipenda sana. Pale Kabul alifungua hoteli ndogo pamoja na mwenyeji mmoja, wakaiita One Hotel. Huko aliona mama wa Kiafghani wanavyojua kudarizi, akapata wazo: ramani ya dunia nzima kwenye kitambaa, kila nchi ijazwe rangi za bendera yake.

Kazi ilikwenda hivi. Ramani inachorwa kwenye kitambaa, kitambaa kinapelekwa Afghanistan, mama wanadarizi majumbani mwao. Wanaume ndio walikuwa wakipeleka na kurudisha. Ramani moja kubwa iliweza kuchukua mwaka na zaidi. Pembeni waliweka maandishi, mengine ya Kiitaliano, mengine ya lugha yao.

Mwezi wa Desemba 1979 jeshi la Kisovieti liliingia Afghanistan. Watu wakakimbia kwa mamilioni, wengi wakaingia Pakistan. Kazi ikakatika. Lakini baadaye Boetti aliwatafuta tena, akawapata Peshawar, mji wa Pakistan uliojaa wakimbizi. Mama wale walikuwa wameacha nyumba, mifugo na mashamba, ila sindano walijua bado. Basi ramani zikaendelea kutoka ukimbizini. Tangu mwanzo mpaka mwisho zilifika kama 150.

Kuna kisa kimoja cha bahari. Afghanistan haina bahari, na wengi wa wale mama hawajawahi kuiona. Siku moja ramani ikarudi na bahari ya rangi ya waridi! Uzi uliokuwepo kwa wingi ndio huo. Boetti hakugomba. Alifurahi, na toka hapo akawaachia wachague wenyewe rangi ya bahari.

Tena ukizitazama ramani hizo kwa kufuatana, unaona historia. Bendera nyekundu ya Umoja wa Kisovieti imefunika sehemu kubwa, halafu baada ya mwaka 1991 inatoweka. Kwetu Kongo nako utakuta bendera ya kijani ya Zaire, jina lililodumu toka 1971 mpaka 1997. Bendera zinabadilika, mipaka inabadilika, na mtu wa kawaida ndiye anabeba mzigo kichwani.

Boetti alifariki Roma mwaka 1994. Mwaka 2012 kazi zake zilionyeshwa London na New York, na siku hizi ramani moja inaweza kuuzwa kwa mamilioni ya dola. Lakini jina linalotajwa ni la Boetti. Majina ya mama walioshona hayajulikani, isipokuwa machache. Yeye alitoa wazo na kuwalipa, hilo ni kweli. Ila macho yaliyochoka na vidole vilivyochomwa ni vya nani?

Hapa kambini mama na dada zetu wanadarizi mashuka na vitambaa vya meza, wanasuka vikapu. Ushauri wetu ni mdogo: ukimaliza kazi yako, weka jina lako pembeni, hata kwa uzi mmoja. Asiyejua kuandika, amwombe mtoto amwandikie kwa penseli, naye apitishe sindano juu yake. Shuka itauzwa na kwenda mbali, lakini atakayeinunua atajua ni kazi ya fulani.

Na ninyi watoto, mkiulizwa kama kuchora ni kazi, jibu mnalo. Tukutane mwezi ujao.